Ng'ombe Waliozaana Jukwaani

Ukimtaja Hakimu mjini Singida, watu hujiweka sawa kwenye viti. Hata wale aliowafunga. Niliwahi kumsikia muuza vitunguu mmoja sokoni, mtu aliyekwenda jela kwa hukumu yake, akiwaambia wenzake kwa fahari kabisa, "Yule mama alinifunga, lakini alinifunga kwa haki." Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi hakunifunga. Mimi alinisomesha, na nimemchukia kwa muda mrefu kuliko ule ambao muuza vitunguu alikaa ndani.

Alizaliwa wapi sijui, na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza tuliyemwona akikaa kwenye kile kiti cha mahakama ya wilaya, na tangu siku hiyo hakuitwa kitu kingine. Mumewe, mwalimu mpole mwenye baiskeli, aliitwa "mume wa Hakimu" mpaka kanisani kwao, na akaitika.

Alikuwa mfupi. Watu husahau hilo, kwa sababu alikuwa na namna ya kukutazama mpaka wewe mrefu ukajikuta unainua macho. Viatu vyake vyeusi alivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi, ingawa nyumbani kwake hapakukosa watu wa kumsaidia. "Mtu akikung'arishia viatu leo," alisema, "kesho atataka umng'arishie kesi." Chai alikunywa bila sukari. Aliizoea hivyo miaka ile sukari ilipokuwa haipatikani, na hata ilipokuja ruksa ya biashara, maduka yakajaa na sukari ikalala kwenye magunia mpaka barazani, hakuirudia. "Nikiizoea tena itaadimika tena." Wageni wake pia walikunywa chai kavu, wapende wasipende.

Kuhusu saa, hana mfano. Mkutano wa saa nne ulianza saa nne, na dakika ile ile yeye mwenyewe aliinuka akaufunga mlango kwa ufunguo. Siku moja alimfungia nje mwenyeji wa ukumbi. Yule bwana alisimama dirishani nusu saa nzima akifuatilia kikao kama mtoto anayechungulia harusi, na ndani hakuna aliyethubutu kumfungulia. Mji mzima ulicheka, kisha ukaanza kuwahi. Na mimi hukubali, kwa shingo upande, kwamba sijawahi kuchelewa kazini hata siku moja, na najua tabia hiyo niliitoa wapi.

Uongo ndio aliouchukia kuliko wizi. Mwizi alimpa nafasi ya kujitetea, lakini shahidi aliyesema saa tatu leo na saa tano kesho alikiona cha mtema kuni. Alimwambia mzee mmoja wa Ihanja, mbele ya wanawe na wakwe zake, "Mzee wangu, uongo hauna udogo. Punje ya mchanga ndani ya ugali haiitwi ndogo." Maneno hayo yalizagaa mji mzima, akina mama wakawa wanawaambia watoto wao. Msomaji ayaweke akilini, maana nitayarudia.

Zilikuwa siku za mageuzi. Mashine za watu binafsi za kukamua alizeti zilinguruma kila mtaa, mitumba ikamwagwa chini kila mnada, na ada za shule, ambazo wazazi wetu walikuwa wamezisahau, zikarudi. Wasichana ndio walioanza kubaki nyumbani. Hapo ndipo Hakimu alipowakusanya wanawake wenzake wa maofisini: Matroni wa hospitali, Mama Benki, Mkuu wa Shule na wengine wachache. Wakaunda umoja wao, yeye akawa mwenyekiti. Sitaki kuwanyima haki yao. Wodi ya wazazi ilipata tangi la maji kwa sababu Hakimu alikwenda kukaa ofisini kwa mkubwa mmoja siku tatu mfululizo, akifuma kitambaa, mpaka yule mkubwa akachoka kumwona. Wafadhili walikuja kutoka mbali, wakapiga picha, wakasaidia. Wasichana tulisoma. Sikatai.

Ila kila sherehe wao walivaa sare ya kitenge kipya, na sisi wasichana wao tulishonewa blauzi za mabaki ya kitenge kile kile. Tulipopanga mstari nyuma yao, hata kipofu angejua nani amekatwa kutoka kwa nani.

Sasa niseme nilivyomfikia. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama alibaki na shamba la mtama na alizeti kule Mtinko, na jina zuri. Jina zuri si maneno tu. Mama ndiye aliyeitwa kila kwenye posa, akae na binti, amfunde, aseme na upande wa wakwe. Mwanamke asiyeaminika haitwi huko. Nilipofaulu kwenda sekondari na ada ikawa haionekani, mama alisikia habari za umoja wa wanawake wa mjini. Akakamata kuku wawili, tetea mweupe na jogoo, akawafunga miguu, tukatembea kwa miguu mpaka mjini.

Kwetu huendi kwa mtu na shida yako mikono mitupu. Ukienda hivyo unaonekana umekuja kuomba kama mtu asiye na kwao. Mama alipiga hodi, akaamkia, akanyoosha kuku. Hakimu akarudi nyuma hatua moja kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mama, mimi ni hakimu. Sipokei kuku."

"Siyo wa kesi, mama," mama akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta. "Ni wa salamu."

"Hata wa salamu. Leo wa salamu, kesho nitakukuta kizimbani."

Mama hakuelewa kizimba gani. Alisimama pale mlangoni na kuku wake wananing'inia vichwa chini, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Kwetu, mtu akikataa kuku wako amekukataa wewe. Mwisho Hakimu akavaa viatu vyake vinavyong'aa, akasema, "Twendeni." Akatutembeza katikati ya mji mchana kweupe, mama amebeba kuku, mimi nyuma, mpaka kwenye jiko la hospitali, mama akawakabidhi kwa mpishi wa wagonjwa. Hakimu akasimama kushuhudia. Kisha akanituma bombani kunywa maji, na nyuma yangu nikawaona wamebaki wawili chini ya banda la jiko, wakizungumza. Niliporudi mama alikuwa akijipangusa uso kwa ncha ya khanga. Nikajua ni moshi wa kuni. Baada ya wiki mbili nikaitwa shuleni.

Shuleni Hakimu alikuja mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Kidato cha pili niliugua malaria kali, nikaamka bwenini nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda na chupa ya uji. Alininywesha kikombe baada ya kikombe, hakusema pole, alisema, "Maliza." Nilipotapika akafuta sakafu kwa mikono yake, yeye ambaye polisi walimpigia saluti. Ningefurahi kama nisingekuwa na kumbukumbu hii. Chuki inapenda njia iliyonyooka, na uji ule umelala njiani kama gogo.

Basi tufike jukwaani. Kila mwaka siku ya wanawake umoja ulifanya sherehe uwanjani, na kilele cha sherehe kilikuwa mimi. Hakimu alishika kipaza sauti, akaninyooshea mkono. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Aliniita Mtoto Wetu.

"Mnamwona mtoto wetu? Huyu tulimtoa kwenye mdomo wa mamba. Mama yake mzazi alikuwa ameshapokea ng'ombe wanne, aozwe kwa mzee. Wanne! Leo yuko kidato cha kwanza!"

Makofi. Wafadhili wakatafsiriwa, wakashika vifua vyao.

Mara ya kwanza nilidhani amenichanganya na msichana mwingine. Hakukuwa na mzee. Hakukuwa na ng'ombe. Zizini kwetu palikuwa na mbuzi mmoja kilema. Nilimfuata baada ya sherehe, nikamwambia, "Shikamoo Hakimu. Mama hakupokea ng'ombe." Akaniangalia kidogo. "Marahaba. Nenda kale." Hakukuwa na jibu jingine, na mtoto aliyelishwa ana deni la kunyamaza.

Mwaka uliofuata ng'ombe wakawa sita. Kidato cha tatu wakafika wanane, na mzee akaota upara na wake watatu. Ng'ombe wale walikula majani ya jukwaani wakazaana vizuri kuliko ng'ombe wowote wa mkoa wetu. Nami nilisimama kila mwaka na blauzi yangu ya mabaki, nikitabasamu nilipoambiwa nitabasamu. Huyu ndiye aliyesema uongo hauna udogo.

Nilipomaliza kidato cha nne na kufaulu, umoja ulikodi gari kuwaleta watu wa Mtinko waje washuhudie. Mama alikuja amevaa khanga mpya, amekaa chini kwenye mkeka na majirani zake. Nilimwomba Mungu kipaza sauti kife. Hakikufa. Ng'ombe walikuwa tisa siku hiyo. Niliwaona majirani wakigeuka mmoja mmoja kumtazama mama. Mama hakutazama chini. Alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu, peke yake, kabla ya wengine, na mimi nikadhani amerukwa na akili kwa aibu.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita kwenye posa. Mwanzoni walisahau kumwambia, kisha hawakuona haja ya kujifanya wamesahau. Watoto walimpachika jina la Mama Ng'ombe. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akibadilishana naye mbegu tangu ujana wao, alimwuliza kisimani mbele ya watu, "Ng'ombe wote wale uliwaficha wapi?" Nilimwambia mama twende tukamshtaki Hakimu, ingawa nilijua fika tungeshtaki kwake mwenyewe. Mama aliendelea kupepeta alizeti.

"Ulisoma, hukusoma?"

"Nilisoma, mama."

"Basi waache waseme."

Nikaenda chuo, nikarudi, nikaajiriwa maabara ya hospitali ile ile ambako kuku wetu waliliwa. Napima damu za watu. Nilikuwa na nia moja tu, na nilimwambia Mungu kila Jumapili: Hakimu aseme ukweli kwa mdomo wake, kule Mtinko, mama akiwa hai. Nilimwandikia barua mbili. Hakujibu. Nilikutana naye barabarani mara nyingi, nikamwamkia kama inavyopasa, akaitikia, tukapishana.

Akastaafu. Mumewe akafariki, magoti yakamchosha. Mama naye akaanza kuinama, kikohozi cha usiku kikawa hakimwachi, nami nikaona muda unaniponyoka.

Asubuhi moja Hakimu akaja maabara kupimwa sukari. Yeye wa chai kavu. Alikuja mapema kuliko wote, akaketi wa kwanza kwenye benchi, viatu vinang'aa. Nilipotoka kuita majina nikamkuta amewageukia wagonjwa.

"Huyu mnayemwona ni mtoto wetu. Mama yake alikuwa ameshapokea ng'ombe kumi na mmoja..."

"Hakimu," nikasema, "shikamoo. Mama yangu hakupokea ng'ombe hata mmoja, na wewe unajua."

Mzee mmoja aliyekuwa anakohoa akakatiza kikohozi chake. Hakimu aliinuka polepole, akashika ukuta.

"Nipime kwanza," akasema.

Ndani nikafunga mlango. Nikamchoma kidole, na nakiri nilichoma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akaminya pamba, akanitazama kwa yale macho yake.

"Mama yako hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Ule msaada ulikuwa wa mabinti wanaokimbia kuozwa. Wafadhili waliandika hivyo, sisi tukatia sahihi. Wewe ulikuwa na akili, na ulikuwa na mama mzuri. Mama mzuri hakuwa kwenye fomu." Akapumzika. "Nilimwambia pale kwenye banda la jiko, wewe umekwenda bombani. Nikamwambia nikiandika ukweli, mtoto anarudi kupalilia. Nikiandika uongo, anasoma. Akaniuliza, 'Ukiandika uongo, nani atakuwa mbaya?' Nikamwambia, wewe. Akaangalia ule moto kidogo. Akasema, 'Andika.'"

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Nikayaona yale makofi ya uwanjani tena, mama peke yake kabla ya wengine, na khanga ile aliyojipangusia uso. Haukuwa moshi. Nililia mbele ya mtu niliyeapa hataniona nikilia.

Kisha hasira ikarudi, maana haikuwa imekwenda mbali.

"Kuandika ni mara moja," nikamwambia. "Kwenye fomu. Nani alikutuma jukwaani kila mwaka? Na leo, pale kwenye benchi, fomu iko wapi?"

Hakimu aliitazama ile pamba. Nimemwona akiwatazama watu wengi, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikwepa.

"Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili yako," akasema. "Wafadhili walikuwa wamekaa mbele. Zile nyingine..." Akatupa pamba kwenye ndoo. "Zile nyingine, watu walipiga makofi."

Hakuomba radhi. Alijihukumu mwenyewe kama alivyokuwa akiwahukumu wengine, kwa sentensi moja. Sikuwahi kumchukia kama dakika ile, na sikuwahi kumwamini kama dakika ile.

"Jumamosi nakwenda Mtinko," nikamwambia. "Tutakwenda wote."

"Niseme nini?"

"Hayo hayo. Yote mawili."

Jumamosi nilipofika kwenye pikapu ya mnadani, alikuwa ameshafika. Mkononi ana kuku, jogoo mwekundu, amemshika vibaya kwa mbawa kama mtu ambaye maisha yake yote kuku aliwaona kwenye sahani tu. Sikumsaidia. Njia nzima jogoo alimpiga mbawa usoni, akachafua viatu vile, na abiria wote walimtazama, na mimi nilitazama mashamba ya alizeti.

Mama alikuwa uani anapepeta. Hakimu akapiga hodi, akasimama kwenye mlango wa ua, akanyoosha kuku kwa mikono miwili. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nilikuwa naomba mama amkatalie. Arudi nyuma hatua moja. Aseme sipokei. Amtembeze kijiji kizima na kuku wake.

Mama hakukawia hata kupumua. Aliweka ungo chini, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Karibu, mama. Ahsante. Umechoka, kaa." Akaniita nikachemshe maji.

Majirani walikuja, kwa sababu Mtinko huwezi kuleta mgeni mwenye viatu vya kung'aa watu wasije. Balozi wa nyumba kumi, yule bibi wa kisimani, na wengine wanne. Hakimu alikataa kigoda. Akasimama kwa magoti yake mabovu, akasema kwamba mwanamke huyu hakumwuza mtoto wake, kwamba alikubali kuitwa mbaya ili mtoto asome, na kwamba yeye Hakimu aliurudia uongo ule miaka yote kwa kuwa uliwapendeza watu. Hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ndogo, lakini aliyasema. Uongo ulikuwa umetangazwa kwa kipaza sauti uwanja mzima. Ukweli ulisikiwa na watu sita na kuku mmoja.

"Kwa hiyo ng'ombe hawakuwapo?" bibi akauliza.

"Hawakuwapo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Bibi akamgeukia mama, akamtazama muda mrefu. Kisha akamwambia kwa Kinyaturu kwamba mjukuu wake anaposwa baada ya mavuno, na kama kifua kitamruhusu, aje. Mama akasema kitamruhusu. Basi, ikawa imekwisha hivyo tu, kama mtu aliyeazima jembe amelirudisha.

Jogoo alichinjwa. Mama alipakua mwenyewe, ingawa mikono yake inatetemeka siku hizi. Akaitafuta firigisi ndani ya sufuria kwa mwiko, ile firigisi ambayo enzi za baba hakuna mwingine aliyeigusa, akaiweka juu ya ugali wa Hakimu na kumsogezea.

Ingekuwa mimi, ningempa shingo.